Mashujaa Wetu na Amani ya Kristo: Je, Vita na Utumishi wa Jeshi Vinastahili Heshima?

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa kwenye mnara wa kumbukumbu, pamoja na upinde na mishale na shada la maua. Watu wote husimama kimya, kisha viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, huwaombea waliolala. Siku hiyohiyo, makanisani mwetu, Mama Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, ambaye hakushika upanga bali aliuawa kwa upanga, kwa amri ya mfalme Herode (Mdo 12:2).

Ni sadfa tu ya kalenda, lakini inatuwekea swali mbele ya macho yetu. Mwamini anayetoka Misani na kwenda kusimama mbele ya mnara wa mashujaa, je, anafanya jambo moja au mambo mawili yanayopingana? Asubuhi amesikia habari za Bwana anayetuamuru tuwapende adui zetu. Saa mbili baadaye anainamisha kichwa mbele ya silaha. Wapo waamini wanaoona kwamba kumheshimu askari ni kuibariki vita. Wapo wengine wanaoona kwamba kuihoji vita yoyote iliyopiganwa na Taifa ni kumtukana marehemu aliyelala kaburini. Tunaamini kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba mafundisho ya Kanisa yanatuonyesha njia iliyo bora zaidi.

Jibu letu, kwa ufupi, ni hili: vita yenyewe haistahili heshima, kwa maana daima ni ushuhuda wa kushindwa kwa wanadamu. Mtu aliyejitoa kuwalinda wengine, akalitimiza jukumu hilo kwa haki, anastahili heshima ya kweli. Na heshima haiwi ya kweli ikiwa imejengwa juu ya kusahau.

Askari katika Maandiko Matakatifu

Wale wanaodhani kwamba Injili inamkataa askari hawana budi kusoma tena. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaagiza wasimdhulumu mtu, wasimshitaki mtu kwa uongo, na watosheke na mishahara yao (Lk 3:14). Agizo hilo ni fupi, lakini linagusa majaribu makubwa ya kila mwenye silaha mkononi, tangu siku zile hadi leo.

Akida wa Kapernaumu alisifiwa na Bwana mwenyewe kwa imani ambayo haikuonekana katika Israeli (Mt 8:5-13). Kila Misa, kabla ya kupokea Komunyo Takatifu, tunakiri kutostahili kwetu kwa maneno yaliyotoka kinywani mwa askari huyo. Akida mwingine, chini ya msalaba, alimkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu (Mk 15:39). Na Kornelio, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza miongoni mwa watu wa mataifa kupokea Ubatizo kwa agizo la Petro, alikuwa akida wa kikosi cha Italia (Mdo 10).

Lakini Maandiko hayohayo hayaipambi damu kwa maua. Bwana alimwamuru Petro aurudishe upanga alani (Mt 26:52). Tena yapo maneno mazito yaliyomhusu mfalme Daudi, shujaa kuliko mashujaa wote wa Israeli: alikatazwa kulijenga Hekalu kwa sababu alikuwa amemwaga damu nyingi na kufanya vita vikubwa (1Nya 22:8). Hakuambiwa kwamba vita vyote alivyopigana vilikuwa dhambi. Hata hivyo, kazi ya kumjengea Mungu nyumba alipewa mwanawe, mtu wa amani. Mababa wa Kanisa waliielewa hekima hiyo. Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya nne, hakuwahesabu waliofisha vitani kuwa sawa na wauaji. Lakini alishauri wajizuie kupokea Komunyo kwa muda wa miaka mitatu, kwa kuwa mikono yao haikuwa safi. Huyo ni mchungaji aliyejua kwamba hata anayerudi kutoka vita ya haki anarudi na jeraha rohoni.

Vita ni uovu, ulinzi ni wajibu

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaiweka mada ya vita chini ya Amri ya Tano, ile inayokataza kuua. Mpangilio huo ni fundisho tosha: mahali pa kuanzia ni uhai wa mwanadamu, si utukufu wa taifa. Kila raia na kila serikali wanapaswa kufanya kazi ili vita viepukwe. Hata hivyo, njia zote za amani zikishindwa, serikali haiwezi kunyimwa haki ya kujilinda. Na kwa yule aliyekabidhiwa maisha ya wengine, kuwalinda si ruhusa tu bali ni wajibu mzito (KKK 2265, 2308).

Masharti ni makali (KKK 2309). Madhara yanayoletwa na mshambuliaji yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika. Njia nyingine zote ziwe zimeonekana hazifai. Pawepo matumaini ya kweli ya kufanikiwa. Na matumizi ya silaha yasilete maovu makubwa kuliko yale yanayokusudiwa kuondolewa. Sharti moja likikosekana, vita hiyo haina haki. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020 (na. 258), aliongeza onyo kwamba kwa silaha za siku zetu ni vigumu mno kuitetea vita kwa vigezo vilivyowekwa karne zilizopita.

Kuhusu askari wenyewe, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes (na. 79), unawaita wanaotumikia jeshini watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na kufundisha kwamba wakiitimiza kazi yao ipasavyo wanachangia kweli kuidumisha amani. Tuyazingatie maneno hayo: heshima ya askari inapimwa kwa amani anayoilinda, wala si kwa idadi ya aliowashinda.

Sababu, nia na uwezo

Mafundisho haya si ya vitabuni tu. Sisi Watanzania tunayo vita ambayo wazee wetu wengi waliishuhudia kwa macho yao. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini mwa mto Kagera. Raia waliuawa, mifugo na mali viliporwa, maelfu wakakimbia makwao, na daraja la Kyaka likavunjwa. Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni sehemu ya Uganda.

Tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alilihutubia Taifa. Hotuba hiyo wengi wetu tunaikumbuka kwa maneno matatu: uwezo, sababu na nia. Mara nyingi tunayarudia kama maneno ya kishujaa tu. Lakini Mwalimu alikuwa Mkatoliki aliyeyajua mafundisho ya Kanisa lake, na leo tunamwita Mtumishi wa Mungu. Tukiyatazama maneno hayo kwa utulivu, tunaona kwamba yanalingana na vigezo ambavyo walimu wa Kanisa, kuanzia Mtakatifu Augustino hadi Mtakatifu Thoma wa Akwino na waliowafuata, walivitumia kuipima vita. Sababu iwe ya haki. Nia iwe njema, isiwe ya kisasi wala ya kutamani ardhi ya jirani. Na uwezo uwepo, kwa maana kuwapeleka vijana kufa bila tumaini la kufanikiwa si ushujaa.

Kwa kipimo cha sababu, ulinzi wa Kagera ni miongoni mwa mifano iliyo wazi zaidi katika historia ya Afrika huru. Vijana waliotoka jeshini, katika mgambo na katika Jeshi la Kujenga Taifa, wakaenda kuyakomboa mashamba na nyumba za ndugu zao, walifanya kile hasa ambacho Mtaguso unakitaja. Mamia kati yao hawakurudi hai, na wengi wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, mkoani Kagera. Mbele ya makaburi hayo Mkristo anaweza kuinamisha kichwa bila shaka yoyote.

Hatua ya pili, yaani kuvuka mpaka na kusonga mbele hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979, ilijadiliwa sana. Katika mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia mwezi Julai mwaka huohuo, baadhi ya viongozi waliilaumu Tanzania. Waliotetea walitaja hatari ya kuvamiwa tena na mateso ya Waganda chini ya Amin. Mkristo anaweza kuzipima hoja hizo kwa dhamiri njema, na kuzipima huko si kumvunjia heshima askari aliyetii amri halali.

Yale ambayo heshima haipaswi kuyaficha

Hapa tunafika mahali pagumu. Mwezi Januari 1979, majeshi yetu yaliutwaa mji wa Mutukula, ng'ambo ya mpaka. Waandishi wa habari Tony Avirgan na Martha Honey, waliovifuatilia vita hivyo kwa karibu, wameandika kwamba mji huo ulibomolewa kwa matingatinga, na kwamba raia waliuawa kwa kulipiza kisasi cha yale yaliyotendwa Kagera. Habari zilipomfikia Mwalimu alisikitika sana, akatoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe.

Tunalisimulia jambo hili kwa uchungu, na hatukusudii kuwashushia hadhi waliolala Kaboya. Tunalisimulia kwa sababu Kanisa linafundisha kwamba sheria ya maadili hailali vita vinapoanza. Raia, majeruhi na wafungwa lazima waheshimiwe na watendewe kibinadamu, na anayetii amri iliyo kinyume cha sheria hiyo hawezi kujitetea kwa utii wake (KKK 2312-2313). Sababu ya haki haitakasi kila tendo linalotendwa kwa jina lake. Mtu anaweza kuingia vitani akiwa na haki, akaipoteza njiani.

Amri ile ya Mwalimu ni fahari ya Taifa letu sawa na ushindi wenyewe. Kiongozi aliyekuwa na kila sababu ya kukasirika aliwakumbusha askari wake kwamba mama wa Mutukula ni mama kama yule wa Kyaka. Ikiwa tunawafundisha watoto wetu habari za ushindi na kuinyamazia amri hiyo, tumewapa nusu ya urithi wao, tena nusu iliyo ndogo.

Waliokufa bila sanamu

Iko namna nyingine ya kusahau. Katikati ya jiji la Dar es Salaam inasimama Sanamu ya Askari, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Anayeonekana juu ni askari mwenye bunduki. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, lakini aliyesimama pale juu si mpagazi.

Na wapagazi ndio waliokufa kwa wingi zaidi. Upande wa Waingereza pekee inakadiriwa kwamba waliandikishwa watu wapatao milioni 1, wengi wao kwa kulazimishwa, na kwamba waliokufa walikaribia 95,000, wengi kwa kuhara, homa, njaa na uchovu. Wajerumani nao waliwachukua wapagazi wao vijijini. Hawakuwa na ugomvi wowote na Mjerumani wala Mwingereza. Vita haikuwa yao. Jina la Kariakoo, tunalolitamka kila siku tukienda sokoni, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na huenda ndilo kumbukumbu kubwa kuliko zote walizoachiwa.

Tarehe 1 Agosti 1917, Baba Mtakatifu Benedikto XV aliwaandikia wakuu wa nchi zilizokuwa vitani, akaiita vita ile mauaji yasiyo na faida. Hawakumsikiliza. Miezi miwili na nusu baadaye, huko Mahiwa, karibu na misioni ya Nyangao katika mkoa wa Lindi wa leo, yalipiganwa mapigano yaliyokuwa miongoni mwa makali kuliko yote katika Afrika ya Mashariki, Waafrika wakiuana kwa ajili ya wafalme wa Ulaya.

Je, tuwaheshimu hawa? Naam, na kwa namna ya pekee. Lakini heshima yao ni ya kuwalilia na kuwaombea, na kuapa kwamba hawatatumiwa tena watu wengine namna hiyo. Tukiwaita mashujaa wa vita iliyowameza, tunawadhulumu mara ya pili.

Ushujaa wa kukataa

Kanisa linawaheshimu pia waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri, na linazitaka serikali ziwawekee utaratibu wa haki wa kulitumikia taifa kwa njia nyingine (KKK 2311). Mwaka 295, huko Tebessa katika Algeria ya leo, kijana Maksimiliano alikubali kufa kuliko kuandikishwa jeshini. Mwenye Heri Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria, mume na baba wa watoto, alikataa kulitumikia jeshi la Hitler. Wengi walimshauri afikirie familia yake. Naye alijua kwamba vita ile ilikuwa ya dhuluma. Aliuawa kwa kukatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, na mwaka 2007 Kanisa likamtangaza Mwenye Heri.

Kwa nini tunamweka Franz pamoja na vijana wa Kagera katika makala moja? Kwa sababu dhamiri iliyompeleka kijana wa kwetu mstari wa mbele kumlinda jirani yake ni ileile iliyomzuia Franz asimshambulie jirani yake. Kinachoheshimiwa kwa wote ni upendo uliokubali kulipa gharama.

Heshima iliyo na mikono

Tarehe 7 Desemba 2017, huko Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilishambuliwa na waasi. Askari wetu 14 walirudishwa nyumbani katika majeneza. Walikuwa wamekwenda kuwalinda raia ambao hata majina yao hawakuyajua. Taifa liliomboleza kwa siku chache, kisha maisha yakaendelea. Lakini kwa mjane na kwa mtoto aliyebaki bila baba, maisha hayakuendelea kama zamani.

Hapo ndipo heshima inapopimwa. Mtakatifu Yakobo, katika waraka wake, anatuuliza kunafaa nini kumwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa chakula (Yak 2:16). Shada la maua lisilofuatwa na kitu ni salamu ya namna hiyo. Kwa hiyo tunawaalika waamini wetu, hasa katika jumuiya ndogondogo za Kikristo, wayazingatie mambo manne.

Kwanza, tuwatambue wajane, yatima na wakongwe wa vita walio jirani nasi, tuwatembelee na kuwasaidia wapate haki zao. Pili, tuwasikilize. Wapo wazee waliorudi mwaka 1979 ambao hadi leo huamka usiku wakipiga kelele, na hakuna aliyewahi kuwauliza walichokiona. Wengine wanaubeba mzigo wa matendo ambayo hawajayatamka mbele ya mtu; milango ya Sakramenti ya Kitubio iko wazi, na mapadre wetu wawapokee kwa upole wa pekee. Tatu, tuwaombee marehemu wote wa vita, pamoja na Waganda na Walibya waliokufa upande wa pili, kwa maana mbele ya Mungu hakuna kaburi la adui. Nne, tuwafundishe watoto wetu kwamba kazi ya askari ni tukufu pale anapomlinda mnyonge, na ni aibu pale anapomnyanyasa. Sare ileile yaweza kuwa vazi la huduma au la uonevu.

Na tusisahau kwamba heshima kubwa kuliko zote kwa askari ni kutomtuma vitani pasipo lazima. Mazungumzo yakifanyika kwa wakati, haki ikitendeka kwa raia, na mipaka ikiheshimiwa, yupo kijana ambaye hatakuwa shujaa kwa sababu atakuwa hai, akilima shamba lake na kulea watoto wake. Huyo hatawekewa mnara, na wazazi wake hawatauhitaji.

Tumrudie Mtakatifu Yakobo

Injili ya tarehe 25 Julai inatusimulia jinsi mama wa wana wa Zebedayo alivyowaombea wanawe viti vya heshima, mmoja kuume na mmoja kushoto (Mt 20:20-28). Tena Yakobo huyohuyo, pamoja na Yohane nduguye, aliwahi kutaka moto ushuke kutoka mbinguni ukiteketeze kijiji cha Wasamaria kilichokataa kuwapokea, naye Bwana akawakemea (Lk 9:54-55). Alikuwa kijana mwenye hasira na mwenye kupenda ukubwa. Bwana hakumfukuza. Alimwuliza kama aweza kukinywea kikombe chake, akamfundisha kwamba mkubwa ni yule anayetumikia, na kwamba Mwana wa Adamu alikuja kuutoa uhai wake uwe fidia ya wengi. Yakobo alijifunza, akawa wa kwanza kati ya Mitume kumwaga damu yake kwa ajili ya Kristo.

Basi mwamini anayetoka Misani siku hiyo na kwenda kwenye mnara wa mashujaa hafanyi mambo mawili yanayopingana, mradi abebe Injili hiyo moyoni. Anapouona mkuki na ngao vikiwekwa chini, akumbuke kwamba silaha hizo zimelazwa, hazikuinuliwa. Awaombee walioutoa uhai wao kwa ajili ya wengine. Awaombee walioondolewa uhai kwa mikono yetu. Kisha arudi nyumbani akapatane na jirani yake, kwa maana huko ndiko vita vinakoanza, na huko ndiko vinakoweza kuzuiliwa.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.